Sauti ya Okazio

Wanawake wa mtaa wa Bankoko waliizoea sauti ya Régine kuliko sura yake. Asubuhi ile alipofika kwenye chemchemi na bidoni yake ya njano, Faida, jirani yake wa ukuta mmoja, alishika kiuno, akainua kidevu, akasema kama tangazo la redio la kodi ya Leta, yaani serikali:

"Weye mwananchi! Leta ni weye! Lipa kodi yako leo, kesho Leta itakukumbuka!"

Wote wakacheka. Mmoja akaacha maji yamwagike.

"Mama Impo," Faida akaendelea, akimtania kwa jina la kodi, "hii maji ya source nayo inalipiwa?"

"Nitakulipia yako, ukinipisha ku mustari."

"Eh! Na ile barabara yenye unaahidi ku redio, itafika hapa kwetu lini? Tuko naingoja na matope mu miguu."

Régine alicheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimkaa. Alikuwa ameyasema yeye, kwa Kiswahili na kwa Kialur, katika chumba kidogo cha kurekodia kilichobandikwa magodoro ukutani, Jumamosi moja tu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa mapokezi katika Auberge Shukrani, nyumba ya wageni karibu na soko. Mgeni mmoja wa shirika lililoandaa tangazo la kodi alimsikia akijibu simu, akauliza sauti ile inaimba katika kanisa gani. Hivyo ndivyo alivyoitwa kuhimiza watu walipe kodi. Walimlipa dola mia mbili, na Clarisse, mhasibu wa shirika, akamwambia alipokuwa akimpa bahasha:

"Siye hatukukata kitu, mama. Kwa kazi ya mara moja Leta inakamata kumi na tano kwa kila mia. Weye mwenyewe utajipanga nayo."

Régine alijipanga. Alitoa dola thelathini, akazikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, pale penye wimbo wa matoleo. Nyingine zilikwenda kwenye karo ya Chancelle, binti yao aliyekuwa darasa la sita, na kwenye mabati matatu ya kuzuia mvua isiingie kitandani.

Mumewe Fiacre alizitazama zile thelathini kila siku kwa jicho la mtu mwenye njaa. Kule Djugu, kabla ya vita kuwakimbiza, alikuwa na mashamba na mbuzi. Hapa Bunia alibeba mchanga kwa mafundi, siku walipomwita.

"Mama Chancelle, Leta haijui kama ile pesa iliingia."

"Mungu anajua."

"Mungu hana buro ya impo. Na ile Leta, jina yake tu inakuonya. Ulisha sikia siku moja banaiita Kamata? Ni Leta, Leta, Leta. Haijawahi kukuambia kamata."

"Baba Chancelle, sauti yangu iko inaambia bantu balipe. Nitasema vile ku redio, na Jumapili nipokee komunio?"

Fiacre akatoka nje. Mambo ya komunio hakuyaweza.

*

Ukumbi wa ofisi ya kodi ulinuka mkojo. Watu walisimama kando ya ukuta wakiwa na nyuso za watu walioitwa, si waliojileta. Régine alikaa saa nyingi kabla ya kuingia kwa karani aliyeitwa Théodore, mwanamume mnene aliyekuwa na kijiti mdomoni na simu mbili mezani.

"Mama, iko shida gani?"

"Hakuna shida, chef. Nimekuja kulipa."

"Kulipa nini? Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu. Nimejituma."

Théodore alitoa kijiti mdomoni. Akaita kwa mlango uliokuwa wazi: "Mukuje muone mutu!" Vichwa viwili vikachungulia. Régine akaeleza tena, mbele ya watatu: kazi ya siku moja, pesa aliyolipwa, kumi na tano kwa mia. Walimsikiliza kama watu wanaosikiliza mtoto akihesabu. Kisha Théodore akakunja uso.

"Weye banakutuma kutupima? Uko wa Kinshasa?"

"Niko wa Mahagi, chef. Mama Chancelle, wa parokia."

"Toa tuone."

Akatoa noti mbili, ya ishirini na ya kumi. Théodore akainua ile ya ishirini kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaonyesha ukingoni mahali palipochanika, padogo kama jino la panya.

"Iko na kidonda. Leta haipokee mugonjwa." Wale wawili wakacheka. "Na tena, ni wale ba shirika njo balipashwa kukata. Rudisha hii. Kwanza tufungue dosie, tukuandike. Unatumikaga wapi?"

"Auberge Shukrani, ku receptio. Miaka munane sasa."

Kijiti kilichokuwa kimerudi mdomoni kikasimama.

"Kwa Prudent? Mama, usinidanganye. Prudent iko na mufanyakazi moja tu. Mulinzi. Anaclet."

"Anaclet alikufa, chef. Tulimuzika mwaka juzi. Mie mwenyewe niliimba."

"Hapa hakufa. Hapa analipa impo yake kila mwezi, kijana muzuri kabisa."

Régine hakucheka. "Na siye? Tuko bantu saba. Patron anatukataka kila mwezi, anasema ni ya impo."

"Anabakata?"

"Kila mwezi."

Théodore akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomtazama mtu. Uso wake ulilainika. Ulikuwa uso wa mbwa aliyesikia nyama inaanza kuchomwa nyumba ya tatu.

"Wende, mama. Umefanya kazi muzuri kwa inchi yako. Kesho nitapita mie mwenyewe."

Njiani Régine alimshukuru Mungu kwa sauti, akipita kando ya mapikipiki. Alikuwa amekwenda kulipa deni lake dogo, na Bwana alikuwa amemfungulia mlango wa watu saba. Alipofika kazini alimnong'onezea Adèle, mpishi:

"Kesho wa impo anakuja. Anakuja kutuandikisha."

Adèle alikuwa akitoa magamba ya samaki. Hakuinua kichwa. "Na weye ulienda kumuita?"

"Nilienda kulipa."

"Yesu," akasema Adèle. Haikuwa sala.

*

Théodore alikuja kesho yake, saa ya kula. Patron Prudent, mwenye auberge, alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kwenye meza ya chini ya feni, ile ya wageni wa mashirika, akaagiza kapitene mzima wa kukaangwa, samaki mkubwa aliyefika asubuhi kutoka ziwani, na bia. Kijana wa kuhudumia hakuwepo siku ile. Patron akapiga kofi kuelekea mapokezi.

"Mama Régine! Leta sahani!"

Akaleta sahani.

"Leta pilipili!"

Akaleta pilipili. Théodore alimtazama mkono, si uso, kama vile hawakuwa wameonana jana. Akauliza tu kama bia ilikuwa baridi.

Jikoni Adèle aligonga sufuria. "Huyu njo wa kutuandikisha? Atatuandika na mafuta ya samaki?"

"Ngoja. Bantu bakubwa banaanzaka na chakula."

"Banaanza nayo, banamaliza nayo. Siye njo tunaosha."

Kila alipopita, Régine aliokota vipande vya maneno. Bantu saba. Miaka ngapi? Unaweza kuniua, ndugu yangu. Hapana, hakuna mutu anaua mutu. Kidogo kidogo kila mwezi. Kisha neno moja la Kifaransa alilolisikia mara mbili, occasionnel, na kicheko cha Patron, cha mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana.

Redio ya ukumbini ikamaliza muziki. Ikaanza sauti tamu, iliyotulia: "Weye mwananchi, Leta ni weye..."

"Ongeza sauti," akasema Théodore, mdomo ukiwa umejaa. Alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa. "Huyu mama anasema muzuri. Anakupa hamu ya kulipa!"

Wakacheka wote wawili. Théodore alicheka mpaka akakohoa, chembe nyeupe za samaki zikaruka, moja ikatua juu ya mkono wa Régine aliyekuwa akiweka chupa ya tatu. Aliiangalia. Hakuwa na kitambaa. Alisimama na chembe ile mkononi mpaka Patron aliposema, "Ni vile, mama, wende."

Walipoondoka alikwenda kusafisha meza. Théodore alikuwa amefuta vidole kwenye pazia, mistari minne ya mafuta. Mifupa ilitapakaa juu ya kitambaa, na katikati ya sahani kichwa cha kapitene kilikuwa kimebaki kizima, mdomo wazi, macho yamenyonywa.

Régine alizaliwa kando ya ziwa. Katekista wa kwao aliwafundisha watoto habari ya kodi ya hekalu: Bwana alimwambia Petro aende kuvua, na katika kinywa cha samaki wa kwanza atakuta sarafu, ailipe kwa ajili yao wawili. Watoto wa wavuvi waliipenda habari ile kuliko zote. Kwa miaka mingi Régine hakupasua samaki bila kuchungulia kinywani mwake kwanza, hata alipokuwa mtu mzima, kwa kucheza tu.

Akachungulia. Ndani ya mdomo wa samaki mlikuwa na kipande cha sigara, kimelowa mafuta na mate upande mmoja, upande wa pili bado kinatoa moshi kidogo.

Alifika nyuma ya jenereta, akatapika.

*

"Hakuna kesi," Patron Prudent alimwambia ofisini mwake, jioni ile ile, akisukuma karatasi na kalamu juu ya meza. "Nimekusamehe. Tumesikilizana na Leta. Mutatia tu sinyatire hapa, bote. Adèle amesha tia."

"Inasema nini, Patron?"

"Inasema uko occasionnel. Unakuja siku kazi iko. Siku haiko, haukuji."

"Niko hapa kila siku. Hata Noeli niko hapa."

"Ni kwa karatasi tu, mama. Mushahara yako ni ile ile, meza yako ni ile ile."

"Inaanza leo?"

"Inaanza siku uliingia. Tangu zamani ulikuwa vile."

Régine alisoma polepole. Miaka minane ilikuwa imekunjwa ndani ya mstari mmoja. Hata pensheni ya uzee, kama iliwahi kuwepo, haikuwepo tena.

"Na ile munatukata kila mwezi, Patron? Mu-occasionnel nayo mutamukata?"

Patron alimtazama kwa huzuni, kama baba mwenye mtoto mgumu. "Ile njo inalinda kazi yenu. Leo alikula nini, hukuona? Unazani ile kapitene ilitoka mu mufuko ya nani?"

Ndipo Régine akaelewa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemlipia samaki yule, akambeba hadi mezani, akamwekea pilipili.

"Kesho asubuhi," akasema Patron. "Mbele ya kuvaa tablie yako ya kazi. Kama hapana, ku mulango kuko mabinti, banajua kusema bonjour sawa weye."

*

Nyumbani walikula sombe ya majani ya muhogo na bugali. Fiacre alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Papa, occasionnel ni nini?" akauliza Chancelle.

"Ni kama okazio," akasema Fiacre. "Kitu mutu alisha tumia, anakuuzia." Akazungusha kidole ndani ya chumba. "Kitanda okazio. Sufuria okazio. Hii shati niko navaa, muzungu fulani alitoka nayo jasho mbele yangu."

"Hapana vile," akasema Régine. "Ni mutu wa kazi ya mara moja."

"Ni ile ile. Banakutumia, banakuweka chini." Akanawa mikono, sauti yake ikashuka. "Tia sinyatire, mama."

"Baba Chancelle."

"Ku kambi ya bakimbizi banatuandika mara tatu. Mara tatu banakosea jina yangu. Ya mwisho nilikuwa Fiacre mwanamuke, miaka sita. Nilikubali. Nilisema ndiyo, njo mie, na banatupa unga. Jina haiumi. Njaa njo inauma."

Régine aliukumbuka ule unga. Alikumbuka pia kwamba Fiacre hakuongea siku nzima baada ya kuupokea.

"Hii nyumba kila kitu ni okazio," akasema mwishowe. "Ulisema weye mwenyewe. Jina yangu tu njo sikununua ku soko. Padri alinipa ikiwa mupya."

"Padri atatulipia nyumba?"

"Hapana."

"Padri atalipia Chancelle mutihani?"

"Hapana, papa."

Fiacre akageuza uso. Régine akapiga magoti kando ya kitanda, akajaribu kusali. Alizoea kuomba vitu vyenye majina: afya, mvua, karo. Sasa alipofumba macho aliona mdomo wa samaki tu, na moshi. Akasema mwishowe, Bwana, unitoe hii harufu, nikuone. Akalala na nguo.

*

Patron alimngoja akiwa na kalamu mkononi. Adèle alisimama mlangoni mwa jikoni, akijifuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Umesali vizuri?" akauliza Patron. Alijua tabia za watu wake.

"Nimesali, Patron."

"Na Mungu amesema?"

"Leta kalamu."

Aliinama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, bila haraka, akaweka mstari chini yake. Patron akavuta karatasi, akaupuliza wino, akatabasamu. Kisha akaisoma. Tabasamu likabaki mahali pake peke yake, kama kiti kilichoachwa barabarani.

"Hii nini? Anaclet?"

"Njo mufanyakazi wako, Patron. Leta inamujua."

"Unanichezea?"

"Hapana. Mie, miaka munane, sikukuwa hapa. Mutu haiko hapa, atatia namna gani sinyatire? Niliona afazali nimutilie mwenye iko."

Jikoni kitu kikaanguka. Adèle alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Toka!" akasema Patron. Alisema taratibu mwanzoni, kisha akapiga kelele. "Toka mu nyumba yangu! Nimekufukuza!"

"Unafukuza nani, Patron?" akauliza Régine. Hakuuliza kwa dhihaka. "Utaandika nini? Leo nimefukuza nani?"

Prudent alifungua mdomo. Kwa mara ya pili katika siku mbili Régine alitazama mdomo uliokuwa wazi mbele yake, akauona mtupu. Akakunja tablie, ile aproni ya kazi ambayo hakuwa ameivaa, akaiweka juu ya meza ya mapokezi, akairekebisha simu ikae sawa kama alivyoizoea, akatoka. Adèle hakumfuata. Alikuwa na watoto watano, na Régine hakugeuka kumtazama, asimwongezee mzigo.

*

Fiacre alikuwa kizingitini. Siku ile mafundi hawakumwita. Alipomwona mke wake akirudi jua likiwa bado changa, alisimama.

"Umetia sinyatire?"

"Nimetia."

"Mungu asifiwe."

"Nimetia jina ya Anaclet."

Kicheko kilimtokea Fiacre puani kwanza, akajaribu kukizuia, kikamshinda, akacheka mpaka akashika mlango. Régine pia akacheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefikia wazo lile lile.

"Na sasa?" akasema Fiacre.

Régine aliingia ndani. Alichota maji kwa kikombe, akasukutua, akatema nje ya mlango. Akasukutua tena. Ladha ile haikutoka. Akafungua kitabu cha nyimbo penye wimbo wa matoleo, akatoa zile noti mbili, nzima na ile yenye kidonda. Alikuwa ameziheshimu kama sadaka, hata Chancelle alipokohoa wiki nzima. Alizishika sasa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu kwenye meza ya wengine.

"Kamata," akamwambia mumewe. "Ununue unga. Ile yenye kuchanika wende nayo kwa bachanjaji ba dola ku soko, bataikata bei lakini batapokea."

"Si ulisema ni ya Leta?"

"Leta ilisha kula jana. Niliihudumia mie mwenyewe."

Fiacre alizipokea, akazitia mfukoni. Upande wa pili wa ukuta redio ya Faida ilikuwa ikiimba. Muziki ukakatika. Sauti tamu, iliyotulia, ikapenya kwenye matofali, ikaingia chumbani, ikakaa katikati ya kitanda na sufuria.

"Mama Impo!" Faida akaita kwa furaha, akigonga ukuta. "Mama Chancelle, uko? Sikia, ni weye! Ni sauti yako!"

Régine alisimama na kikombe mkononi.

"Hapana yangu tena," akajibu. "Ni ya okazio. Funga."